Kupanda Riedberger Horn kwa raketi za theluji: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kila majira ya baridi napata ujumbe wa namna moja. "Tulikodi raketi, tukapanda nusu saa, baridi ikatushinda, tukarudi." Wengine walifika karibu na kilele wakaona jua limeshainama, wakageuka. Mmoja alikosa basi la mwisho kwa kuchanganya saa kumi ya kwetu na saa 10 ya ratiba ya Kijerumani. Wote ni watu wazima wenye nguvu, na baadhi yao wamefika Uhuru, Kilimanjaro.

Riedberger Horn si mlima wa kutisha. Una mita 1,787, uko Allgäu, kusini kabisa mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Austria. Safari inaanzia Grasgehren, karibu mita 1,450, kwa hiyo unapanda kama mita 340 tu. Wanaoshindwa hawashindwi na mlima. Wanashindwa na nguo walizovaa, saa waliyoondoka, na mwendo wa nusu saa ya kwanza. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye mambo ya kabla ya kupanda. Ukifika huko juu, mambo ni mepesi.

Neno moja kwanza. Ukisema "viatu vya theluji" mtu anafikiria mabuti ya baridi. Ninachozungumzia ni yale makanyagio mapana unayofunga chini ya buti ili usizame. Wajerumani huyaita *Schneeschuhe*, Wafaransa *raquettes*. Hapa nitaziita raketi.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya miguuni na mikononi

- Raketi zenye meno ya chuma chini ya vidole na pembeni, na kile kichuma cha kuinua kisigino. Za plastiki tupu za kuchezea bustanini ziache. Kukodi mara nyingi ni kati ya euro 10 na 20 kwa siku.
- Mabuti ya mlimani yasiyopitisha maji, yanayopanda juu ya kifundo cha mguu. Raketi haiwezi kukaa vizuri kwenye raba.
- Fimbo mbili zenye visahani vipana chini. Visahani vidogo vya kiangazi huzama hadi mkononi.
- Soksi za sufu jozi mbili, moja ikae begini.
- Glavu jozi mbili: nyepesi ya kupandia, nene ya kileleni.

Vya mwilini

- Fulana ya ndani ya sufu au ya kitambaa cha michezo. Pamba usivae hata kidogo, wala chupi ya pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, na upepo ukiipiga unahisi umevikwa kitambaa cha barafu.
- Sweta jepesi, na juu yake koti la kuzuia upepo na maji.
- Koti nene lililojazwa manyoya ya ndege au nyuzi bandia, ndani ya begi, la kuvaa ukisimama tu.
- Kofia, na skafu ya mviringo ya shingoni. Dada anayevaa hijabu atafute ya kitambaa cha michezo inayobana kichwa. Mtandio wa kawaida hupeperuka na kulowa kwa pumzi.
- Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua.

Kuhusu hayo mafuta, najua unachotaka kusema: sisi weusi hatuungui. Tunaungua. Theluji mpya hurudisha juu sehemu kubwa sana ya mionzi, kwa hiyo jua linakupiga kutoka chini pia: chini ya kidevu, ndani ya matundu ya pua, nyuma ya masikio. Na macho hayana rangi ya kuyalinda. Ukikaa mchana mzima bila miwani, usiku macho yatauma kama yana mchanga.

Vya begini

- Chupa ya chai yenye chai ya tangawizi ya moto. Maji ya kawaida weka kwenye chupa pana, uigeuze kichwa chini: barafu huanza kuganda juu, kwa hiyo mdomo wa chupa utabaki wazi. Mifuko ya maji yenye mrija iache nyumbani, mrija utaganda.
- Chakula kinacholika kikiwa baridi: tende, karanga, chapati iliyokunjwa na mayai. Chokoleti huwa jiwe.
- Taa ya kichwani, hata kama unapanga kurudi mchana.
- Simu iliyojaa chaji, ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi huimaliza betri haraka, hasa simu ikining'inia nje kwa ajili ya picha.
- Blanketi jembamba la dharura na vifaa vidogo vya huduma ya kwanza.
- Vitu vitatu vya kumtafuta aliyefunikwa na maporomoko ya theluji: kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi, koleo, na fimbo ndefu ya kudunga theluji. Kila mtu awe na vyake, maana huwezi kujifukua mwenyewe kwa koleo lako. Na kuvikodi bila kujifunza kuvitumia ni kubeba uzito bure: tafuta kozi ya siku moja kwanza, au nenda na kiongozi.

## Hatua ya 1: Jioni ya kabla, amua kama unaenda

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ukiiruka inaweza kukuua.

Fungua taarifa ya idara ya tahadhari ya maporomoko ya Bavaria, *Lawinenwarndienst Bayern*. Tafuta Milima ya Allgäu. Utaona namba kutoka 1 hadi 5, namba inayotumika Ulaya nzima. Usiishie kwenye namba. Soma na mwinuko unaotajwa, na ile duara inayoonyesha hatari iko upande gani wa mlima: kaskazini, mashariki, au kote.

Kanuni ninayompa anayeanza ni hii. Namba 1 au 2, nenda, ukishika njia ya kawaida. Namba 3, usitoke kwenye njia za majira ya baridi zilizoshindiliwa na kuwekewa alama. Namba 4 na 5, kaa nyumbani upike pilau. Watu wengi huiona 3 kama "katikati", kama alama ya wastani darasani. Sivyo. Kwa 3, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuangusha mteremko, na vifo vingi hutokea siku za namna hiyo kwa sababu ndizo siku watu hujipa moyo.

Kisha ramani. Maporomoko mengi yanayobeba watu huanzia kwenye miteremko ya zaidi ya digrii 30. Ramani nyingi za simu zina tabaka la rangi linaloonyesha ukali wa mteremko. Liwashe, uone njia yako inapita wapi, na kuna nini *juu* ya njia yako. Unaweza kuwa unatembea pahali tambarare huku mteremko wa juu yako ukikusubiri.

Mwisho angalia upepo. Hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri ikiwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa mwilini kama nyuzi 14 chini ya sifuri. Mbali na baridi, upepo hubeba theluji na kuirundika upande uliojikinga, na rundo hilo ndilo hukatika. Siku mbili za jua baada ya theluji nyingi na upepo zinavutia machoni lakini si salama moja kwa moja.

*Umefaulu hatua hii kama* unaweza kumweleza mwenzako kwa sentensi tatu: hatari ni namba ngapi, iko wapi, na njia yetu inaikwepaje. Ukishindwa kueleza, hujasoma.

## Hatua ya 2: Panga saa kuanzia mwisho

Watu hupanga kuanzia saa ya kuamka. Wewe anzia basi la mwisho la kurudi, urudi nyuma.

Januari katikati, jua la Allgäu huzama karibu saa 11 jioni, yaani 17:00 kwenye ratiba yao. Uwe umerudi Grasgehren saa 9 alasiri (15:00). Kushuka ni kama saa moja. Kileleni nusu saa. Kupanda saa moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo hatua ya kwanza ipigwe saa 5 asubuhi (11:00), na ikiwa 11:30 hujafunga raketi, safari ya kilele imeahirishwa. Tembea kidogo, piga picha, rudi.

Andika saa zote kwa mtindo wa ratiba yao, wenye saa 24. Ukiwa na kundi la Waswahili, kubalianeni lugha ya saa kabla hamjaachana.

Kutoka München, treni za mkoa hupita Immenstadt, kisha Sonthofen na Fischen. Kutoka bondeni kuna basi linalopanda barabara ya mlimani ya Riedbergpass. Tiketi ya kundi ya Bavaria, *Bayern-Ticket*, siku za kazi huanza kutumika saa 3 asubuhi (9:00), na hapo umeshachelewa. Jumamosi na Jumapili hutumika tangu usiku wa manane. Ratiba ya basi iangalie siku ileile, maana theluji huibadilisha.

Ukienda kwa gari, kumbuka Riedbergpass ndiyo barabara ya kupita mlimani iliyo juu kuliko zote Ujerumani, zaidi ya mita 1,400, na ina miinuko mikali. Matairi ya baridi ni sharti la sheria barabara ikiwa na theluji au barafu. Minyororo ya matairi iwe kwenye buti la gari, na uwe umejaribu kuifunga mara moja nyumbani mikono ikiwa na joto.

## Hatua ya 3: Anza ukiwa unasikia baridi

Hapa ndipo ujumbe wote ninaoupata unapozaliwa.

Unashuka kwenye basi. Baridi inakukamata. Unavaa kila kitu ulichonacho na kuanza kupanda kwa kasi ili upate joto. Dakika kumi, umepata joto. Dakika ishirini, mgongo unatiririka. Unasimama kupumzika, upepo unapita, na lile jasho linageuka kuwa adui. Baridi iliyowarudisha watu wengi haikutoka hewani, ilitoka kwenye fulana zao.

Mara ya kwanza mimi mwenyewe nilirudi nikiwa nakiona kilele. Nilikuwa nimevaa sweta mbili za pamba na koti la kwendea kazini. Nilitetemeka mpaka kwenye treni.

Kwa hiyo, maegeshoni fanya hivi:

Vua koti nene, litie begini. Baki na fulana, sweta jepesi na koti la upepo. Utasikia baridi. Ni sawa, inatakiwa uisikie kwa dakika kumi za mwanzo.

Funga raketi ukiwa umekaa au umeegemea mahali, kwenye tambarare. Mikanda ipite nje ya mguu, vifungo vitazame nje. Vikitazama ndani, mguu mmoja utakanyaga kifungo cha mwenzake nawe utaanguka kifudifudi mbele ya watu. Kaza, tembea hatua ishirini, kaza tena, kwa sababu theluji ikishaingia mikanda hulegea.

Kama mna vifaa vya mawimbi, viwasheni hapa na mpimane: mmoja atangulie na kifaa chake kikiwa cha kupokea, wengine wapite mbele yake mmoja mmoja, asikie kifaa chake kikinasa mawimbi ya kila mmoja.

Kisha mwendo. Wapagazi wa Kilimanjaro wameshaisema dunia nzima ikaikariri: *pole pole*. Kipimo changu ni mazungumzo. Kama huwezi kusimulia kisa kizima bila kukata sentensi ili uvute hewa, unakwenda mbio. Panua miguu kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayetembea na ndoo katikati ya magoti, ili raketi zisipigane.

*Dalili ya kufaulu:* baada ya nusu saa, ingiza mkono mgongoni chini ya begi. Pakiwa pakavu au na unyevu kidogo tu, kilele ni chako. Pakiwa pamelowa, fungua zipu, vua kofia, punguza mwendo. Usingoje.

## Hatua ya 4: Kandokando ya njia ya skii, hadi mgongoni mwa mlima

Sehemu ya mwanzo inapita karibu na uwanja wa skii wa Grasgehren. Tembea ukingoni kabisa, kwa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake. Anayeteleza kutoka juu hakuoni mpaka amefika, na hawezi kusimama ghafla. Fuata vibao, njia ikifungwa kwa kamba au bango, imefungwa.

Kuna sababu ya pili ya kutoacha njia. Eneo hili ni makazi ya kwale weusi wa milimani, *Birkhuhn*, ndege adimu ambaye majira ya baridi hujichimbia kwenye theluji na kukaa humo muda mrefu kuokoa nguvu. Ukimkurupusha hutumia nguvu ambazo hana chakula cha kuzirudisha, na akikurupushwa mara nyingi hufa kimya kimya bila wewe kujua. Hivyo: usikate msituni, usivuke maeneo yaliyowekewa mabango ya ulinzi, mbwa awe na kamba, na epuka alfajiri na magharibi, wakati ndege hawa wanapotoka kula.

Mteremko unapokaza, badilisha ukanyagaji. Inua kile kichuma cha kisigino. Mguu utakaa kama juu ya ngazi na misuli ya shavu la mguu itapumzika. Piga ncha ya raketi kwenye theluji, ngoja meno yashike, ndipo uhamishe uzito. Usiegemee mbele kwa hofu. Uzito ukae juu ya miguu, maana meno hushika kwa kugandamizwa tu.

Ukivuka mteremko kwa ubavu, shusha kichuma cha kisigino, kanyaga kwa nguvu ili ukate kijingazi, na fimbo ya upande wa juu ishike chini ya mpini. Raketi nyingi ni dhaifu ubavuni. Pakiwa pagumu kama kioo, zunguka.

Simama mara moja uyasome yaliyo mbele yako. Ukisikia theluji ikitoa mlio mzito, *vumm*, chini ya miguu, au ukiona ufa ukikimbia mbele ya raketi, au poromoko bichi jirani, mlima umeshasema. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, mmoja mmoja, mkiachiana nafasi. Haijalishi taarifa ya jana iliandika namba gani.

## Hatua ya 5: Mgongoni na kileleni

Ukitokea juu ya mgongo wa mlima, upepo utakusalimu. Kabla hujautokea, ukiwa bado umejikinga, vaa koti nene na glavu nene. Dakika mbili hizi watu huziruka, kisha huhangaika na zipu vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kwenye mgongo, kaa mbali na ukingo. Upepo hujenga kibaraza cha theluji kinachoning'inia hewani, na ukiwa juu yake unakiona kama ardhi. Hukatika nyuma zaidi ya unavyodhani. Fuata nyayo zilizo upande wa ndani. Nyayo zinazoelekea ukingoni ni za aliyetaka picha.

Ukifika kwenye msalaba wa kileleni, umefika. Kusini utaona Hoher Ifen, mita 2,230, mlima ulioinama kama meza iliyovunjika mguu mmoja. Upande wa kaskazini na magharibi ni safu ya Nagelfluh na Hochgrat yake ya mita 1,834. Siku safi, mbali magharibi, Säntis ya Uswisi. Na kama bondeni kuna ukungu mzito, usisikitike asubuhi kwenye treni: majira ya baridi hewa baridi hulala chini na joto hukaa juu, na mara nyingi kilele kina jua huku mabonde yote ni bahari ya mawingu.

Kula hata kama huna njaa. Kunywa chai. Nusu saa, si zaidi. Ukianza kuona mwenzako haongei, au anakosea kufunga vifungo, baridi imeshamwingia ndani: mvike, mpe kitu kitamu, mshuke.

## Hatua ya 6: Kushuka

Magoti yalegee, uzito uwe juu ya miguu, fimbo mbele. Anayeanza huegemea nyuma kama anayeogopa kuteleza, na ndiyo humtelezesha, kwa kuwa meno ya mbele yanaachia theluji. Kwenye theluji laini tangulia na kisigino. Kwenye ngumu kanyaga kwa raketi nzima. Usikimbie hata theluji ikikubembeleza.

Shuka kwa njia uliyopandia. Ule mteremko mweupe usio na nyayo unaoonekana kama njia ya mkato, mara nyingi ndio wenye zaidi ya digrii 30.

## Mambo yakiharibika

Namba ni 112, bila malipo, na itaita timu ya uokoaji ya milimani, *Bergwacht*. Taja mahali, kilichotokea, idadi ya watu, hali ya hewa. Usikate simu wa kwanza.

Simu ikigoma, ishara ya Alps ni sauti au mwanga mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Aliyekusikia hujibu mara 3 kwa dakika.

Mtu akifunikwa na poromoko, mtazame hadi alipopotelea, tafuteni wenyewe mara moja, huku mmoja akipiga simu. Dakika 10 hadi 15 za kwanza ndizo za kuokoa uhai. Helikopta ni nadra kufika ndani ya muda huo.

## Ukirudi chini

Fungua raketi, zigonge theluji itoke, badilisha soksi kabla hujaingia kwenye basi. Nyumbani, toa soli za ndani za mabuti, jaza magazeti, yakae mbali na hita. Joto kali hukausha ngozi mpaka ikapasuka na kuachanisha gundi. Raketi zifute meno yasipate kutu, hasa kama ni za kukodi, maana amana yako iko kwa mwenyewe.